Kutengeneza ngatu, nguo ya magome ya Tonga: kuanzia shambani hadi kwa shangazi

Wengi wanaotaka kujaribu nguo ya magome huanza kwa kuuliza mti wake unapatikana wapi. Uliza kwanza nani atakusaidia. Kuvua gome na kuliponda unaweza kufanya peke yako nyuma ya nyumba, leo kidogo na kesho kidogo. Siku ya kuunganisha vipande mambo ni mengine: gundi inakauka, rangi inadondoka, vipande vinajikunja, na mikono miwili haitoshi. Huko Tonga hakuna mwanamke anayeiingia kazi hiyo bila wenzake, na ndiyo maana nguo yenyewe ina uzito mkubwa kwenye arusi na misiba. Anayeipokea anajua kuna watu nyuma yake.

Tonga ni ufalme wa visiwa katika Pasifiki ya Kusini, wenye wakazi takriban laki moja. Nguo yao inaitwa ngatu. Majirani zao wa Samoa wana siapo, Wahawaii wana kapa, na ulimwengu wa nje umezoea kuziita zote tapa. Nimechagua Tonga kwa sababu huko kazi haikuwahi kukatika. Hawaii ilizimika mwishoni mwa karne ya 19, ikafufuliwa kuanzia miaka ya 1970 na watu waliolazimika kujifunza kwa kuchungulia vipande vilivyobaki kwenye makumbusho. Tonga bado mama anamfundisha binti yake.

Utaratibu ninaoueleza ni wao, ila kwa kipimo cha kipande kidogo: upana wa mita moja, urefu wa mita moja na nusu. Pale ambapo malighafi ya huko haipatikani kwetu nimetaja cha kutumia badala yake.

Watu kwanza

Wanne wanatosha kwa kipande hicho. Ngatu kubwa hukalisha wanawake kumi na zaidi, pande mbili za meza moja ndefu. Vikundi vyao, kautaha, huenda kama upatu wetu: leo tunaunganisha ya huyu, wiki ijayo ya yule, na mwenye zamu ndiye anayeleta magome yaliyokwisha kupondwa, gundi na rangi ya kutosha, pamoja na chakula. Anayekwepa zamu za wenzake atabaki na mafurushi ya magome ambayo hayatakuwa nguo.

Kubalianeni mapema ngatu itakuwa ya nani na itakwenda wapi. Msiliache swali hilo hadi mwisho, kwa sababu ukubwa na mchoro hutegemea shughuli, na mchoro huamuliwa kabla ya tone la kwanza la rangi.

Mti

Ni mforsadi wa karatasi, Broussonetia papyrifera kwa jina la kisayansi, na Watonga wanauita hiapo. Si mti wa asili ya Pasifiki. Mababu walioingia visiwa vile kwa mitumbwi walisafiri na miche yake, na uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2015 uliufuatilia hadi Taiwan. Hiapo ya Tonga ni ya kike, haina dume la kuichavusha, kwa hiyo haienei kwa mbegu. Inapandwa kwa machipukizi ya mizizi. Maana yake ni kwamba kila shina linalosimama shambani Tonga limefika pale kwa kubebwa na mtu, kisiwa hadi kisiwa, kwa takriban miaka 3,000.

Wanaipanda kwa kubananisha ili ikimbilie juu bila kutanuka. Mwenye shamba hupita mara kwa mara akibandua vichipukizi vya ubavuni vikiwa bado vichanga, maana kila tawi litakalokua ni tundu kwenye nguo. Shina hukatwa likiwa na umri wa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, urefu wa mita mbili hadi tatu, unene wa kidole gumba au zaidi kidogo. Likizeeka, gome huwa gumu na marungu hayaliwezi.

Hapa nina onyo kwa wasomaji wa Afrika Mashariki: usiupande. Mti huu uliletwa Uganda, na huku unazaa matunda na mbegu bila shida. Leo ni mvamizi katika misitu ya Budongo na Mabira, unasonga miti ya asili. Kama uko karibu na maeneo hayo, nenda ofisi ya misitu uombe ruhusa ya kukata mashina machanga. Utapata malighafi bora, na sidhani kama atakayekuruhusu atasikitika.

Usiuchanganye na mutuba wa Waganda. Lubugo, nguo ya magome ya Buganda ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2005, hutoka kwenye mti mnene unaovuliwa gome ukiwa umesimama. Shina hufungwa majani ya mgomba, gome likaota tena, na mti uleule ukavuliwa miaka mingi. Gome la shina kama hilo ni pana, likipondwa linatoa nguo nzima bila gundi. Hiapo ni kifito chembamba kinachokatwa kabisa, na nguo yake hujengwa kwa kubandika tepe nyingi. Ukiwa na mutuba, tafuta fundi wa Kiganda akufundishe lubugo. Usiulazimishe kuwa ngatu.

Kuvua gome

Kata asubuhi na uvue siku hiyohiyo, utomvu ukiwa bado unatembea. Anzia upande mnene wa shina. Chana kidogo kwa kisu, ingiza kidole gumba kati ya gome na mti, kisha vuta taratibu kuelekea ncha mpaka gome zima litoke likiwa utepe mmoja. Ukivuta kwa pupa litachanika pale palipokuwa na kichipukizi.

Gome lina tabaka mbili. La nje ni la kahawia na halina kazi. La ndani ni jeupe, lenye nyuzi, na ndilo nguo. Kunja utepe kwenye ncha, kata gamba la nje kwa juujuu bila kufika ndani, kisha libandue. Mabaki ya kijani yakwangue kwa kisu kisicho kikali sana. Samoa kazi hii hufanywa kwa magamba ya kombe, kwanza yenye ukingo mkali, halafu yaliyo laini, na ukiishi pwani unaweza kuwaiga. Usione uvivu: kijani ulichokiacha hapa kitakuwa doa ambalo hakuna rungu litakaloliondoa.

Anika juani siku moja au mbili, kisha zungusha kila utepe kinyume na ulivyokuwa umejikunja shinani ili unyooke. Ukikauka vizuri unaweza kukaa miezi. Wengi Tonga huvua kwa msimu na kuponda baadaye, shughuli inapokaribia.

Kuponda

Unahitaji gogo na rungu. Gogo, tutua kwa Kitonga, limechongwa bapa upande wa juu na kulazwa juu ya vitegemeo viwili, hivyo chini pana uwazi. Uwazi huo ndio unaolifanya lidunde na kurudisha rungu juu, mkono usichoke haraka. Ukipondea sakafuni au juu ya jiwe, utachoka na gome litakatika.

Rungu, ike, lina pande nne. Tatu zimechongwa mifuo, mipana upande mmoja na myembamba zaidi pande nyingine, na wa nne ni laini. Mti wanaoupenda ni toa, na toa ndio mvinje wetu uleule unaopandwa ufukweni kuanzia Lamu hadi Mtwara. Fundi seremala yeyote wa pwani anaweza kukuchongea: urefu wa sentimita 35 hivi, upana wa sentimita 5 kila upande, na mpini wa mviringo. Mwambie asipake vanishi.

Loweka tepe mpaka zilegee. Zile zilizokauka sana zilale majini usiku kucha. Kisha anza na mifuo mipana, ukipiga kutoka katikati kwenda kingo. Lengo ni kuzifungua nyuzi zitanuke pembeni. Urefu wa utepe hautaongezeka, pengine utapungua kidogo, lakini upana utakua mbele ya macho yako: utepe wa vidole vitatu utafika shubiri moja na zaidi. Ukishaona umetanuka kiasi, ukunje mara mbili, ponda, ufungue, ukunje upande mwingine, ponda tena. Nyunyiza maji kila unapoona unaanza kukauka.

Fuata sikio. Mwanzoni mlio ni mzito na butu, kwa sababu rungu linaangukia gome nene lililojaa maji. Kadiri linavyokuwa jembamba ndivyo mti unavyoanza kusikika chini yake, na mlio unakuwa mkali. Ukiusikia mlio huo, inua utepe uutazame dhidi ya mwanga. Utaona wavu wa nyuzi zinazopishana, na humo mabaka meusi na mabaka yanayong'aa. Mabaka meusi bado ni manene, rudi hapo. Yanayong'aa yaache kabisa, kwa sababu mtu mgeni wa kazi hii huwa anaponda palepale alipokwisha kumaliza, na tundu linafunguka.

Sasa chukua tepe mbili, uzilaze moja juu ya nyingine, upande wa kisiki wa moja ukikutana na ncha ya nyenzake, kwa kuwa upande wa kisiki ni mnene na wa ncha ni mwembamba. Ziponde pamoja hadi zishikane, kisha malizia kwa upande laini wa rungu. Zitandaze kwenye nyasi, weka vijiwe kingoni ili upepo usizikunje, ziache zikauke. Hiyo ndiyo feta'aki: nyepesi, rangi ya maziwa, ukiikunja inalia kidogo.

Kwa kipande chetu andaa feta'aki 5 zenye urefu wa mita moja na nusu kwa tabaka la juu, 7 zenye urefu wa mita moja kwa tabaka la chini, na 3 za akiba. Wanawake wa Tonga wanaoishi New Zealand na Australia, ambako hiapo ni ya shida, huweka tabaka moja au yote mawili ya kitambaa kisichofumwa, kile ambacho mafundi cherehani huingiza ndani ya kola. Ngatu hiyo huitwa ngatu pepa na hupelekwa kwenye shughuli kama nyingine, ingawa wanaojua wakiigusa tu wanaitambua, na haipewi daraja la ile ya magome matupu. Kwa mtu anayejifunza kuunganisha ni njia nzuri ya kufanya mazoezi bila kuharibu feta'aki zilizokutoa jasho.

Kupesi

Mchoro wa ngatu husuguliwa kabla ya kuchorwa. Chini ya nguo huwekwa kupesi, yaani bao lenye mistari iliyoinuka. Juu ya nguo mtu anasugua rangi, na pale palipoinuka pananyonya rangi zaidi. Samoa wana ubao wa kuchonga, upeti, unaofanya kazi hiyohiyo. Kupesi ya Tonga hushonwa. Tako lake ni majani ya mkadi na vilifu vya mnazi, na juu yake chelewa zimekunjwa kufuata mchoro na kushonewa kwa nyuzi.

Ukiishi pwani vifaa hivyo unavyo vyote. Chagua vilifu vikubwa visivyo na matundu, weka viwili kwa kupishanisha nyuzi, vishone kingo. Chora mchoro kwa kalamu. Nunua ufagio mpya wa chelewa, loweka chelewa mpaka zikubali kupinda, kisha zishone kwenye mistari kwa uzi wa nailoni, mshono mmoja kila baada ya upana wa kidole. Chagua chelewa za unene mmoja. Moja ikiwa nene kuliko wenzake itakula rangi yote, na jirani zake zitatoka hafifu. Bara, kadibodi nene ya boksi inaweza kuwa tako, lakini itavumilia kazi moja tu kabla ya kulowa.

Kuhusu mchoro wenyewe, hapa kuna adabu yake. Maumbo ya zamani ni ya kijiometri: manulua, kwa mfano, ni pembetatu zinazokutana kwa ncha, zikiwakilisha ndege wawili wanaoruka. Baadaye Watonga waliingiza waliyoyaona. Kuna Hala Paini, barabara iliyopandwa misonobari ya Norfolk kuelekea kwenye kasri la mfalme. Kuna simba. Kuna nembo ya taifa yenye njiwa, taji, nyota na panga tatu. Kuna ngatu zenye ndege za kivita aina ya Spitfire, kumbukumbu ya michango ambayo Tonga ilimpelekea Mwingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kwa hiyo anayesema mchoro mpya unaharibu mila hajazitazama ngatu zenyewe.

Kuna michoro yenye wenyewe, hata hivyo. Nembo na alama za ukoo wa kifalme hubeba cheo, na si mapambo ya kitambaa chako cha meza. Ningekushauri ujifunze manulua ili mkono uzoee, kisha ubuni kupesi kutokana na mahali unapoishi. Mbuyu, jahazi au jani la mkorosho litakuwa la kwako kweli, wala halitamkwaza mtu.

Gundi na rangi

Gundi ya zamani ilitoka kwenye mahoa'a, kiazi cha wanga cha Pasifiki. Siku hizi wengi hutumia muhogo, mgeni aliyetoka Amerika Kusini kama wetu. Menya, uchemshe nusu kuiva: uwe mgumu wa kushikika mkononi, lakini ukiusugua kwenye feta'aki uache utelezi unaonata. Ukiiva kabisa utavunjika na kuacha madonge. Pika kidogokidogo, kwa kuwa wa jana hautanata vizuri.

Rangi ya kahawia inayoitambulisha ngatu hutoka kwenye gome la mti koka, Bischofia javanica. Magome hukwanguliwa, vipande vyake vikafungwa ndani ya nyuzi za mti ambao sisi tunauita mtakawa, kisha watu wawili wanalikamua furushi kwa kulisokota hadi juisi nyekundu idondoke. Gome la mikoko nalo hutumika. Kwetu mikoko imelindwa na kuikata bila kibali ni kosa, basi achana nayo. Walio karibu na mashamba ya miwati, Njombe au nyanda za juu za Kenya, wana gome lililojaa rangi ya kutengenezea ngozi. Likatekate, lichemshe mpaka maji yawe ya kahawia iliyokolea, lichuje, liache lipoe. Jaribu kwanza kwenye kipande kibovu, maana rangi ikikauka hubadilika.

Nyeusi ni masizi. Watonga huchoma kokwa za tuitui, zenye mafuta mengi, wakakinga moshi wake. Wewe washa kibatari, weka sufuria kuukuu juu ya utambi, kisha kwangua masizi yaliyoganda chini yake. Yakimwagwa moja kwa moja kwenye maji yataelea na kukataa kuchanganyika. Yaponde kwanza na kijiko kimoja cha maji mazito ya muhogo mpaka yawe uji, ndipo uongeze maji ya gome.

Siku ya koka'anga

Koka'anga ni kuunganisha vipande na kuvisugua rangi, na hii ndiyo siku uliyoitia watu. Ifanye mapema, kabla jua halijawa kali, na penye kivuli, la sivyo gundi itakauka mkiwa bado mnabishana.

Tonga wanatumia papa, meza ndefu ya mbao yenye mgongo ulioinuka kidogo, na kupesi hufungwa juu yake. Ninyi tumieni meza ya kawaida, mkiibana kupesi kwa kamba isiteleze. Wawili wakae upande mmoja, wawili upande wa pili. Gaweni kazi: mmoja anashika muhogo, mmoja anapokeza feta'aki na kutazama matundu, wawili wanasugua rangi. Anayepokeza awe ndiye mwenye macho mazuri kuliko wote.

Lazeni feta'aki fupi kukatisha meza, kila moja ikipanda juu ya mwenzake kwa vidole viwili. Sugueni muhogo kwenye maungio, kisha juu ya tabaka zima. Juu yake lazeni zile ndefu kwa urefu wa nguo, ili nyuzi za tabaka la juu zipishane na za chini. Kupishana huko ndiko kunakoizuia nguo isichanike upande mmoja. Kandamizeni kwa viganja kutoka katikati kutoa hewa. Penye tundu, mmega feta'aki ya akiba, anayeshika muhogo apake, mbandike palepale. Msikate kiraka kwa mkasi. Kikichanwa kwa mkono kingo zake huwa na nyuzi zinazojificha, ila kilichokatwa kitaonekana milele.

Ndipo rangi. Vingirisheni vipande vibovu vya feta'aki viwe donge linaloshikika, mlichovye, mlikamue sana, kisha msugue kwa mkono mzito uelekeo mmoja. Mara ya kwanza hamtaona kitu ila wekundu hafifu. Rudieni. Katika mpito wa pili au wa tatu mistari ya chelewa inaanza kujitokeza yenyewe kutoka chini, na kwa kawaida hapo meza nzima hukaa kimya kidogo, kisha kila mtu anataka kusugua. Mwenye donge lililolowa sana anaharibu: rangi inatiririka kwenye mabonde, na mchoro unazama.

Sehemu iliyo juu ya kupesi ikikamilika, isogezeni mbele, mwanzishe inayofuata. Kwa ngatu kubwa kila sehemu ya kusogeza ni langanga moja, takriban nusu mita, na namba zake huandikwa pembezoni ili mtu yeyote aweze kusoma urefu bila kuikunjua yote. Langanga 50 zinaitwa launima, zaidi ya mita 20 za nguo. Zipo hata za langanga 100, lautefuhi. Hapo ndipo utaelewa kwa nini nilianza na watu.

Ianikeni kwenye nyasi, mchoro juu, mawe kingoni.

Mistari meusi

Nguo ikikauka, mistari mikuu hurudiwa kwa mkono kwa rangi nyeusi. Burashi ya kienyeji ni tunda kavu la mkadi: chukua kijipande kimoja, ponda ncha laini mpaka nyuzi zitokee, kata zilingane. Inashika rangi vizuri kuliko burashi nyingi za dukani. Usifuate kila mstari, utaisonga nguo. Ngatu iliyotiwa weusi karibu yote, ngatu 'uli, ni ya ukoo wa kifalme na machifu, basi usiikusudie.

Kuitoa

Ngatu iliyokunjwa kabatini kwa mwenyewe haijamaliza safari. Kwa Watonga ni koloa, mali ya wanawake, pamoja na mikeka mizuri na mafuta ya manukato. Kwenye shughuli wanaume huleta vyakula vya shamba na nguruwe, wanawake huleta koloa, na familia hupimwa kwa vyote viwili. Nguruwe ataliwa leo. Ngatu itaendelea kutembea kutoka nyumba hadi nyumba, pengine ikakatwa vipande kwa hesabu ya langanga na kugawiwa, wala hakuna anayeona kwamba imeharibiwa.

Anayepewa iliyo bora ni shangazi. Dada wa baba, hasa mkubwa, ana cheo kinachoitwa fahu juu ya watoto wa kaka yake: kwenye arusi, misiba na siku ya kuzaliwa ya mwaka wa kwanza hukalishwa mahali pa heshima, na ngatu na mikeka ya daraja la juu humwendea yeye. Hata kama kaka ndiye mwenye fedha, mbele ya dada yuko chini. Msomaji wetu anayejua nafasi ya shangazi kwenye shughuli za kwao hatashangaa sana.

Ipo launima moja inayoonyesha safari hiyo vizuri. Ilitengenezwa kwa ziara ya Malkia Elizabeth II nchini Tonga, Desemba 1953, ikiwa na herufi za jina lake la kifalme. Malkia Salote Tupou III wa Tonga alipofariki Auckland mwaka 1965, nguo hiyohiyo ilitandikwa chini ya jeneza lake liliporudishwa nyumbani kwa ndege. Sasa iko katika makumbusho ya Te Papa, Wellington. Nguo moja imempokea malkia mmoja na kumsindikiza mwingine. Salote huyu ndiye aliyeanzisha Langafonua, chama cha wanawake cha kazi za mikono, mwaka ule wa 1953. Na Tupou VI alipotawazwa Julai 2015, ngatu zilitandikwa tena.

Siku hizi koloa inapanda meli na ndege. Watonga wengi wanaishi Auckland, Sydney na Salt Lake City, na ndugu wa visiwani huwapelekea ngatu wakati fedha zinarudi upande wa pili. Nuku'alofa kuna maduka ya rehani yanayopokea ngatu na mikeka kwa mkopo. Wapo wanaoona aibu kuonekana wakiingia humo, na wapo waliosomesha watoto kwa njia hiyo.

Ukitoa ya kwako, usiifunge kwenye karatasi ya zawadi. Ishikeni wawili au watatu, mwikunjue mbele ya anayepokea ili ukubwa wake uonekane wote, mwataje waliofanya kazi, kisha mwikunje na kumkabidhi. Bei isitajwe.

Kuitunza

Haifuliwi. Maji yataifungua gundi na tabaka zitaachana. Vumbi lipanguswe kwa kitambaa kikavu. Isikae penye jua la kudumu wala penye unyevu, na kwa kuwa muhogo huwavutia mende na wadudu wengine, iangalie na kuipunga upepo kila baada ya miezi michache. Kuikunja ni sawa, lakini badilisha mahali pa mkunjo, au izungushe kwenye bomba la kadibodi. Huko Tonga nyingi hulazwa bapa chini ya godoro, mahali pakavu ambapo hakuna mgeni atakayezishika.

Ikitoboka, chemsha kipande cha muhogo nusu kuiva, chana feta'aki, bandika kwa nyuma, weka kitabu kizito juu yake mpaka asubuhi. Kwa hiyo mabaki ya zile feta'aki 3 za akiba usiyatupe.